Kumuaga Tafsiri, Aliyetusemea Polisi wa Ijumaa

Ndugu msimamizi wa bweni, Mama mpishi, mafundi wakubwa, vibarua wenzangu, na wewe mpiga lipu tunayekuaga, ambaye humu ndani tunakuita Tafsiri:

Leo ni tarehe kumi na nne, mwezi wa tisa, na ni miaka mitatu na nusu tangu nitoke nyumbani. Shule niliishia njiani, kwa hiyo mnivumilie.

Nani hapa hajaitazama ile tamthilia ya Ijumaa, tukishaoga vumbi la saruji? Polisi wawili wa nchi mbili jirani, maiti imekutwa mpakani. Mwanamume anasema lugha ya hapa, hii tunayofokewa nayo kazini, mwanamke anasema ya kwao, na maandishi ya chini yanapita kabla sijamaliza neno la pili. Aliyewahi kufanya kazi kwao yule mwanamke ni Tafsiri peke yake. Basi tulimwachia kiti cha mbele, naye akatusemea maneno yake kwa lugha yetu.

Maoni yangu mnayajua. Tamthilia ni nzuri ila inajikokota, na polisi wake wanashindia kahawa. Mama mpishi aliwahi kuuliza, "Watu hawali, muuaji watamkamata kwa nguvu gani?" Mimi nilimpenda yule mwanamke kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa mbali, kama wangu. Kila alipopiga simu kwao niliuliza, "Mama anasemaje?" Tafsiri akajibu, "Anaendelea vizuri. Anasema mwanangu, chapa kazi."

Ijumaa moja Tafsiri alikuwa na homa, akakaa kitini fundi umeme mgeni, aliyetokea nchi ya yule mwanamke. Nikauliza kama kawaida. Akanigeukia. "Mama gani? Huyo anaongea na dada yake, wanagawana vyombo vya marehemu. Mama alikufa mwanzoni kabisa. Hata kumzika hakwenda."

Mlicheka, nami nikacheka. Kisha nikamfuata Tafsiri kitandani kwake.

"Kaka, kwa nini?"

"Ulikuwa unaniuliza huku umeshika simu yako, umetoka kuongea na kwenu," akasema. "Ningekwambiaje?"

Sikumlaumu, wala leo simlaumu. Lakini tangu hapo simu ya nyumbani niliisikiliza kwa sikio lingine. Maana kwetu pia dada ndiye aliyekuwa akinisemea: mama hajambo, mama anasema usihangaike. Nikamwambia, "Dada, mpe simu mwenyewe." Akasema amelala. "Mpe tu." Nikasikia mtu anahema. Halafu dada akarudi: "Hasemi tena, mdogo wangu. Tangu apate kiharusi hasemi. Tuliogopa utaacha kazi."

Ndugu zangu, nimejaribu kukumbuka neno la mwisho mama aliloniambia kwa mdomo wake, na silipati. Nadhani nilimkatiza, gari la kazini lilikuwa linapiga honi.

Tafsiri, ulituchukulia mzigo wa lugha ya watu Ijumaa zote hizi, na pale ulipopinda maneno, ulipinda kwa huruma. Nakushukuru. Ila ukifika kwenu, wa kwako wasikilize bila mtu katikati.

Nami naondoka, msimamizi ameniruhusu niende kwetu. Muuaji mtanisimulia kwa simu. Ahsanteni kwa utulivu wenu. Gari lisipochelewa, Jumapili jioni nitakuwa nyumbani, nimekaa mbele ya mama, namsikiliza mwenyewe, hata asiposema kitu.