Fundi Sangwa na Cherehani Yake Wote Wako Kasho

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Jean-Berchmans, Naibu Mwendesha Mashtaka. Bwana Konseye, diwani wa sekta yetu. Shehe wetu, padri wetu, mabibi na mabwana:

KARIBU

Umepanda kilima cha Nyakabanda kwa matope haya ili utukatie utepe wa banda la mabati la ushirika wetu wa mafundi cherehani. Viatu vyako tumeviona, pole sana. Wakubwa wengine huishia kule chini kwenye lami, wakatupungia mkono kutoka garini.

HISTORIA

Zamani kila fundi alishona kwenye baraza ya mwenye duka, akifukuzwa mvua ikinyesha na wateja wakijaa. Aliyetukusanya ni Ramadhani Sangwa, mwenyekiti wetu. Ndiye aliyepaswa kusimama hapa leo, lakini hayupo. Sababu utaisikia punde.

MAFANIKIO

Tunashona sare za shule na magauni ya maarusi. Joho la padri na kanzu ya shehe vimeshonwa kwenye meza moja, na vimebadilishana wenyewe mara moja tu.

MATATIZO

Umeme unakatika na uzi umepanda bei tangu vita vianze. Hayo tunayavumilia. Linalotuuma ni la Sangwa.

Bwana Frederick, mfanyabiashara, alileta kitambaa cha suti. Sangwa akampima kabla ya Krismasi. Frederick akaja kuijaribu baada ya Mwaka Mpya, vifungo vikagoma. Akapiga kelele kwamba fundi amekula kitambaa. Sisi tuliokuwepo tulilitazama tumbo lake tukajua nani alikula, lakini mteja haambiwi hivyo. Kesho yake Sangwa akachukuliwa, na tangu hapo yuko kasho, mahabusu ya polisi. Ni kasho gani, hatutaitaja, maana mgeni rasmi anaijua.

Kwetu sisi, fundi akitaka kuaminiwa huweka cherehani yake rehani. Hakuna fundi anayeitoroka cherehani yake; mke, labda. Basi tukaibeba ya Sangwa begani mpaka kasho, tukaitua mbele ya Burigadiye Niyonzima, mkuu wa polisi pale, tukasema hii ndiyo dhamana yetu, tupeni mtu wetu. Burigadiye akaipokea kwa mikono miwili.

"Asante sana, bazee," akasema. "Mutu hatoki, dosiye yake iko ku Parike. Lakini mashini mumefanya muzuri kuileta. Bapolisi suruali zao zimeisha."

Ikaingizwa ndani. Kosa hilo ni letu, na tunalikiri. Sasa Sangwa anakanyaga cherehani asubuhi hadi jioni. Polisi wote wamependeza, na dosiye, yaani faili la kesi, haisogei huko Parike, ofisini kwenu waendesha mashtaka. Anasema mwenyewe kwamba kila akimaliza suruali moja moyo unamzama, kwa kuwa anajua amejiongezea kifungo. Akajaribu kushona vibaya ili wamchoke. Mkono ukakataa.

Mkewe, Mukasine, anampelekea chakula kila siku. Juzi aliinama dirishani akamwuliza, "Wewe, Jumamosi utakuwa wapi?" Jumamosi wakwe watarajiwa wanakuja kumposa Mukunde, binti wa Sangwa na Mukasine. Je, baba aombwe binti kupitia nondo za dirisha? Hapo, Mheshimiwa, hata sisi wacheshi tunashindwa kucheka. Tunaona uchungu na tunaona aibu.

MAOMBI

Hatuombi kesi ifutwe. Ikifika siku yake Sangwa atasimama mbele ya hakimu, na akikutwa na hatia, alipe. Tunaomba angoje siku hiyo akiwa nyumbani.

Tumeambiwa mnahofia atatoroka. Mheshimiwa, fundi hatoroki mji anamodaiwa nguo za watu. Akifika tu stendi, wateja watamdaka kabla ya polisi. Tumeambiwa pia ataharibu ushahidi. Ushahidi ni suti, na Bwana Frederick anaivaa kila Jumapili kanisani, vifungo wazi.

Maneno yafuatayo hayamo kwenye karatasi uliyopewa. Tumeyaongeza sasa hivi. Ulipoinua mkono kukata utepe, mafundi wote tulikutazama kwapani. Utusamehe, ndiyo kazi yetu. Koti lako ni jipya, na mkono ulipopanda halikupanda nao. Kigali nzima anayekata kwapa la koti namna hiyo ni mtu mmoja.

Hatuulizi limeshonewa wapi. Tunafurahi kwamba mmeonana.

Kwa hiyo ombi letu tumelifupisha. Mtu aliyeaminiwa kuzungusha futi yake shingoni mwa mgeni rasmi, anaweza kuaminiwa kulala kwa mkewe mpaka aitwe kortini.

Mungu akulinde uteremkapo, akupe afya, na koti likukae miaka mingi.

Ni sisi mafundi wako,
Ushirika wa Cherehani Sindano Moja, Nyakabanda.
Imesomwa na katibu, Illuminée Ingabire, kwa niaba ya mwenyekiti aliye kasho.