Madoa ya Upande Mmoja

Asubuhi hiyo benchi la nje ya machinjio lilijaa, wala si kwa utamu wa kahawa ya Bi Birika. Nguruwe wa Mama Zizi alikuwa ameshanyolewa kwa maji ya moto na kutundikwa ndoanoni, na ubavuni yakaonekana madoa mekundu ya pembe nne, kama uru kwenye karata. Mkaguzi wa nyama akasema, "Mtengeni huyu," akafunga mlango. Basi Mama Zizi kajikunyata mwisho wa benchi, kikombe mkononi, kahawa inampolea. Ikiwa ni ugonjwa, zizi lake lote litateketezwa, pamoja na yule jike mwenye mimba aliyemlea kwa chupa kama mjukuu.

Bandeji, aliyewahi kufagia wodi na tangu hapo akajipa udaktari, ndiye aliyeanza.

— Damu imeoza hiyo. Mimi nimeona mengi wodini.

— Ulimwona nguruwe wodini? aliuliza Bi Birika.

— Nimeona watu wenye tabia zake.

Spika, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akadakia.

— Damu wapi! Huyo kala karata. Mama Zizi, mabaki unayowalisha unayatoa wapi?

— Hotelini, baba.

— Basi! Hotelini watu hawachezi karata? Kameza uru tupu, zimetokea ngozini!

Mama Zizi hakujua acheke au alie. Akamgeukia Breki, dereva wa pikapu, mume wa Bi Birika, ndiye aliyemleta nguruwe.

— Shemeji, wewe ulikuwa naye njia nzima. Hukuona kitu?

Breki akakohoa, akalitazama vumbi miguuni pake.

— Hayo ni madoa ya ndoto, shemeji. Nguruwe akiota anafukuzwa, damu yote inakimbilia nje. Huyu aliota njiani. Nilimsikia.

— Ulisikia ndoto? aliuliza Bandeji.

— Alikoroma vibaya.

Mlango ukafunguliwa. Mkaguzi akatoka na buti zake za mpira, anafuta kisu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Sema tu, nimeshakaa.

— Upo ugonjwa wa nguruwe unaotoa madoa kama yale, ndiyo maana nilimtenga. Lakini nimepasua: bandama nzima, figo safi, moyo hauna kitu, viungo havijavimba. Na madoa yako upande mmoja tu, tena yamejipanga mistari. Ile ni michubuko. Naomba kuuliza: alikuja amelalia nini?

Benchi zima likamgeukia dereva. Breki alikuwa anainuka polepole, kama mtu aliyekumbuka msiba wa mbali.

— Kaa, alisema mkewe.

Akakaa.

— Sakafu ya pikapu imetoboka, mkaguzi. Angetumbukia barabarani. Nikamtandikia wavu wa chuma wa kitanda. Njia nayo ina mashimo...

— Wavu wa kitanda gani? aliuliza Bi Birika, taratibu kabisa.

Breki akalitazama tena vumbi, lakini mkewe hakumngoja.

— Kile ulichosema kiko kwa fundi anakichomelea miguu? Mimi nalala chini, kiuno kinaniuma, kumbe kitandani kwangu kalala nguruwe!

Mkaguzi akaukaza mdomo asicheke.

— Nitakata palipochubuka, mama. Kwingine kote ni nyama nzuri. Zizi lako halina neno.

Mama Zizi akashusha pumzi tangu kisiginoni. Ndipo kicheko kikamtoka, akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani, akamfikiria yule jike wake huko nyumbani, amelala ubavu, hajui lililotaka kumfika. Akaigugumia kahawa iliyopoa, akanyoosha kikombe. Bi Birika akamjazia mpaka ukingoni.

Breki naye akanyoosha chake, kwa adabu zote.

— Kahawa imeisha, alisema Bi Birika, na birika mkononi mwake linafuka mvuke.