Dobi Aliyesimamisha Jiwe, na Binti Yake Aliyeshika Ufunguo

Ndugu waombolezaji, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ufunguo, na jana kamati ya hekalu ilituomba tuyafupishe, nasi tumekataa, kwa sababu yamekwisha kufupishwa vya kutosha.

Shangazi alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika chumba cha tatu cha nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali, akiwa mtoto wa tatu wa dobi wa hospitali hiyo, ingawa waliomtangulia hakuwaona, kwani ndui iliwachukua wote wawili katika wiki moja mwaka 1946. Baada ya msiba huo bibi yetu, ndiye dobi huyo, alichukua jiwe lake la kufulia, akalipaka rangi nyekundu, akalisimamisha chini ya bati karibu na karo, akamsihi mungu wa kike wa ndui na homa, yule Wahindu wenzetu wanayemwita Mama, asiingie tena nyumba ya mtu kwa hasira. Hekalu lilianza hivyo, wala halikuanza vinginevyo, na wanawake wa dini zote walileta pale watoto wenye homa, bila kuulizwa wanasali wapi.

Shangazi alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1956 hadi Novemba 1962, akaajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali tarehe 2 Mei 1966, akafua mashuka ya wagonjwa kwa miaka thelathini na saba, na mama yake alipofariki mwaka 1979 akarithi ufunguo wa hekalu, akawa kila asubuhi analiosha jiwe, analibadilisha nguo na kufagia kabla ya kwenda kazini, bila mshahara na bila hata ahsante. Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1970 na fundi cherehani wa mtaa wa pili, mtu mpole ambaye, kama shangazi alivyopenda kutania, alizungumza zaidi na cherehani kuliko na mkewe, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, ambao wote wako hapa.

Sasa tufike panapotuuma. Tajiri mmoja wa mbao alijenga kuta na paa la hekalu mwaka 1963, hilo hatukatai, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni. Lakini tarehe 9 Juni 2019 kamati ilimwita shangazi avute pazia la ubao wa marumaru wenye historia ya hekalu, wala haikumwonyesha kwanza kilichoandikwa, pengine ikidhani dobi hajui kusoma. Akavuta, akausoma kwa sauti mbele ya wageni, kwamba hekalu lilianzishwa mwaka 1963 na tajiri wa mbao, akafika mwisho, akauliza mama yake yuko mstari wa ngapi. Jamani, hata haya hawana! Wiki hiyohiyo ikaletwa sanamu mpya, na jiwe likatupwa stoo kati ya makopo ya rangi, ati lina ufa, na chenye ufa hakiabudiwi, kana kwamba ufa huo haukutokana na kupigiwa mashuka ya wagonjwa wenu. Shangazi aliweka ufunguo mezani kwa mwenyekiti, akalifunga jiwe kwenye shuka, akaondoka nalo mchana kweupe.

Alianza kuugua moyo Agosti mwaka huohuo, akalazwa mara mbili katika hospitali ileile aliyoifulia, akafariki tarehe 2 Novemba 2019, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliopokezana kukaa naye, na madobi wenzake, ambao walikataa mashine na kumfulia shuka lake la mwisho kwa mikono. Kamati nayo tunaishukuru kwa shada la maua, ila hatutaficha kwamba mjumbe aliyelileta aliulizia jiwe kabla ya kuuliza shangazi alifariki kwa nini, akidai waumini wanalitaka. Jibu letu walisikie wote: jiwe lipo, limeoshwa leo asubuhi na binti mkubwa wa shangazi, na litarudi siku yule dobi aliyelisimamisha atakapoandikwa mstari wa kwanza wa ubao.

Pumzika kwa amani, shangazi. Sisi bado hatupumziki.