Mkono wa Kushoto wa Shati la Kaka

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya banda la baiskeli na kibanda cha saa, na birika la kahawa ni langu, kwa hiyo hakuna linalosemwa pale likanipita. Asubuhi ile alikuwapo kaka yangu, fundi saa. Injinia, fundi baiskeli aliyejipa cheo mwenyewe. Na Redio, dereva mstaafu asiyezimika. Kaka kaja na shati kwenye mfuko. Kashonewa na binti yake, kule klabu ya vijana wanakofundishwa kupika, kushona, kuziba bomba linalovuja, mambo ya kujitegemea. Kazi waliyopewa: mshonee mtu wa nyumbani kwenu, halafu siku ya maonyesho mtu huyo asimame nawe mbele za watu kalivaa. Maonyesho yenyewe leo, saa nane. Sasa mkono wa kulia uko sawasawa. Wa kushoto umeishia vidole vinne kabla ya kifundo cha mkono.

— Siendi, kaka akasema. Niende nikachekwe?

— Na mtoto asimame peke yake? nikamuuliza.

Tangu wifi yangu atutoke mwaka juzi, kumtoa kaka neno ni kama kumng'oa jino.

Injinia akalichukua shati, akaligeuzageuza kama anatafuta pancha.

— Binti hana kosa. Meza ya cherehani imeinama. Kitambaa kimeteleza.

— Kina magurudumu? Redio akadakia. Hicho kilikaa dirishani. Upande wa jua umenywea.

— Jua la kufupisha mkono mmoja mimi sijaliona.

— Wewe umeona nini zaidi ya spoku? Basi sikia. Shati ni zima. Mbovu ni mkono. Mtu kainamia saa miaka ishirini, na huo wa kushoto ndio unaoshikilia. Umerefuka.

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Injinia hana utani kwenye vipimo. Akamsimamisha kaka, nyoosha mikono mbele, akaipima kwa spoku. Sawa kabisa.

— Sasa hivi ndiyo iko sawa, Redio akasema. Kahawa ya moto inakunja mishipa.

Hapo akatokea mwanamama tusiyemjua, futi ya kushonea imemning'inia shingoni. Akatusalimu, akasema yeye ndiye mwalimu wa ushonaji klabuni, anamtafuta baba wa binti. Binti hajatia kitu mdomoni tangu aamke. Mlango ukilia tu, anageuka.

— Mwalimu, Redio akamrukia, meza zenu zimeinama?

— Hazijainama. Ninawafundisha wapime mikono yote miwili, wasikisie. Naye alipima yote. Ila baba alikuwa amelala kwenye kochi, mchana, mkono wa kushoto kaulalia kwa shavu. Umekunjwa. Akapima hivyo hivyo, begani mpaka kifundoni, futi ikapita njia ya mkato.

Tukaangua kicheko, mimi nikapiga benchi. Hata kaka midomo ilimcheza. Mwalimu alingoja tumalize, akamgeukia.

— Binti nilimuuliza swali moja, akainama tu. Labda wewe unajua, baba. Kwa nini hakukupima ukiwa macho?

Injinia akaangalia spoku yake. Redio kazimika, mara ya kwanza naona. Na mimi, mdomo wangu wote huu unaojua ya kila nyumba, nikajitia kufuta birika. Maana nyumba ile naijua. Kaka hamgombezi mtoto, hata siku moja. Humtazama, akaiona sura ya mama yake, akageukia ukutani. Mtoto naye huweka sahani, akarudi jikoni kwa kunyata.

Swali likakaa pale benchini pamoja nasi.

Mwisho kaka akavua shati alilokuja nalo, pale pale barabarani, mbavu nje, akaingiza mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Akafunga vifungo mpaka shingoni, na kimoja akakikosea, nikamrekebishia.

— Hiyo futi unayo hapo, mwalimu?

— Ninayo.

— Njoo nayo. Atanipima tena. Nitanyoosha mkono.

Kikombe chake akakiacha kimejaa. Akatangulia mbele ya mwalimu, mkono wa kushoto wazi mpaka juu ya kifundo, watu wanamtazama, wala hakuuvuta mkono wa shati.