Nahodha Polepole na Ukuta Usiokuwepo

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, nahodha wa boti yetu ya abiria, tuliyembandika jina la Polepole, anastaafu. Miaka yote aliyoshika usukani boti haikupanda fungu la mchanga hata mara moja, ingawa maji yakipwa ghuba yetu ni ya magotini. Amewezaje? Mimi naibu wake, ninayeandika haya, bado sijaelewa.

Alianza kwa kufunga kamba gatini, akapanda ngazi hadi kwenye usukani. Ndiye aliyeweka sheria kwamba boti haiondoki mpaka kila abiria afunge jaketi la kujiokolea. Siku moja alimteremsha mkurugenzi wetu mwenyewe, aliyedai jaketi linamkunja suti. Mkurugenzi aliisubiri safari ya pili akiwa amelivaa kabisa.

Mwezi uliopita alinikabidhi daftari lake la njia. Nikajua nimepona. Kumbe wapi! Linasema kata kushoto ukiona ukuta wa kiwanda cha sabuni, na kiwanda kilibomolewa miaka kumi na tisa iliyopita. Linasema nyoosha kuelekea mti mrefu wa shule, nao ulishakatwa. Nilimuuliza anaufuataje ukuta usiokuwepo. Akanijibu kwamba upo, ila siku hizi hauonekani. Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma.

Jumatano iliyopita aliniachia usukani, boti ikiwa tupu. Nilifuata ramani ya ofisi, inayosema pale kuna mita tatu za maji, nikakwama. Alicheka mpaka akakohoa, akaniambia nizime injini tungoje maji yajae. Tulikaa kwa muda wa saa nne tukinywa chai ya chupa, akinionyesha maji yanavyobadilika rangi juu ya fungu, na ndege waliosimama pale nilipodhani wanaelea. Kumbe macho yake yanaona yote hayo, na bado anaapa kwa ule ukuta! Sijui nifuate macho yake au daftari lake. Kwa sasa nimeamua kwenda taratibu, na mti wa kupimia kina uko mkononi.

Tarehe mosi nitaendesha peke yangu kwa mara ya kwanza. Abiria wa kwanza kujiandikisha ni yeye, na wa pili ni mkewe, asiyejua kuogelea. Ameomba viti vya nyuma kabisa, visivyoona mbele. Sielewi, tena naogopa.

Ahsante, mzee wetu. Tunakutakia wewe na mama mapumziko marefu yenye afya na furaha. Nitawafikisha.