Wasifu wa Mamake Ndambuki

Gari lilipotoka Kajiado, Mbithe alikuwa akitafuta usingizi. Nyuma yake, mzee aliyejitambulisha kama Ndambuki alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, Ebla, mchuuzi wa mbuzi, jinsi walivyomzika mamake Jumamosi.

"Binti yangu ndiye alisoma wasifu wa marehemu. Kumbe simu ndiyo ilimwandikia. Eti nyanya alipenda maua! Mama hakuwa na ua hata moja, alikuwa na mbuzi."

"Pole, mzee. Lakini msichana alijaribu."

"Hajamaliza kitabu tangu atoke shule. Maneno angeyatoa wapi?"

"Na wewe uko na vitabu nyumbani?"

Mbithe, ambaye kwake kitabu pekee ni kile kilichokuja na friji, alishukuru kwamba hakuulizwa yeye.

"Basi niambie wewe," Ebla akasema kwa upole. "Mama alikuwa mtu wa aina gani?"

"Alikuwa anatusomea hadithi akichambua pojo. Akifika pahali pa huzuni anafunga kitabu, anatutuma maji, ndio tusimwone akilia."

Gari likasimama Kitengela, alikokuwa akishukia Ebla. Makanga akafungua mlango. Ebla alishika mfuko wake, lakini hakuinuka.

"Na mlikuwa mnaenda?"

"Tulikuwa tunafika tu mlangoni," alisema mzee, "tunachungulia."