Thina Kwenye Chupa ya Maji

Mshonaji alijifanya anatazama dirishani, kumbe masikio yote yalikuwa kiti cha mbele. Pale mama mmoja mwenye duka la dobi alikuwa amemkalia kooni fundi seremala, mtu aliyejuana naye humo humo basini.

“Kaka, thina ya vanishi kwenye chupa ya maji ya kunywa? Hapana! Kwangu dawa ya madoa haitoki kwenye dumu lake, na dumu lina jina. Asiyetaka, mlango uko wazi.”

“Dada, mimi nimezeekea kwenye thina. Karakana nzima tunajua: kifuniko chekundu hakinyweki.”

“Na mgeni je, naye anajua habari za vifuniko?”

“Harufu itamwambia.”

“Mwenye kiu hanusi, kaka. Anagugumia tu. Leo hii ukifika karakana, imwage hiyo chupa!”

“Simwagi.”

Sikio la kufa halisikii dawa, mshonaji aliwaza, na hapa dawa yenyewe ndiyo inayoua.

Koo lilikuwa limemkauka fundi kwa ubishi. Akatoa chupa mkobani, akafungua kifuniko. Kilikuwa cha buluu. Hata hivyo, kabla ya kunywa, alinusa.

Dobi alimwona. Basi likasimama.